Picha ya Thelathini na Saba

Jumanne, 11 Novemba 1997

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo, na paa la studio limevuja palepale pa mwaka jana. Mzee Methusela, mwenye studio, aliahidi kulitengeneza kiangazi. Kiangazi kimepita na ahadi ipo, haijalowa. Tumelisogeza pazia lililochorwa ndege na maghorofa, maana wateja wa Shanwe wanalipenda pazia hilo kuliko wanavyonipenda mimi.

Daftari hili Mzee alininunulia niandikie namba za negativu. Kurasa ni nyingi kuliko kazi yetu, kwa hiyo zilizobaki ni zangu. Naitwa Jeannine, nina miaka ishirini na mitatu, nimezaliwa Katumba kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, nimepanga chumba Nsemulwa, hapa Mpanda mjini. Wewe uliyeliokota na kulisoma, nimeshakujua: ni mmbeya.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Picha mbili za pasipoti, na mmoja kati ya hao wawili alifumba macho.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo amekuja Manyanda, mfugaji, ametembea na dume lake la ng'ombe kutoka Kabungu ili wapigwe picha pamoja. Dume halikuingia studio, ingawa Manyanda aliuliza. Niliwapiga nje, yeye kashika fimbo, dume limekodoa macho. Hiyo ilikuwa ya thelathini na sita.

Mkanda wetu umeandikwa picha thelathini na sita, lakini ukiuingiza kwa uangalifu kamera inakubali moja zaidi. Hiyo Mzee hamuuzii mteja, kwa sababu iko mwisho kabisa wa mkanda na mara nyingi hutoka imekatika upande. Aliponiajiri alisema, "Mshahara ndio huo, na ya bure ni yako." Mwanzoni nilikuwa najipiga mwenyewe kwenye kioo. Siku hizi napiga madimbwi.

Sijui kulieleza vizuri. Dimbwi la mbele ya studio linamchukua mtu aliyesimama kandoni, linampindua kichwa chini, linamtikisa, na mtu anakuwa kitu kingine bila kuacha kuwa yeye. Leo dume la Manyanda liliinama kunywa, viwimbi vya maji vikalichana sura. Nikafyatua. Mzee aliniona akasema nina kichaa cha bei nafuu.

Jumapili, 23 Novemba

Nilikwenda Katumba kwa baiskeli, matope hadi kwenye sikio, kumwona Nyogokuru. Ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kirundi. Jina lake ni Marta, na ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Baada ya ibada, Egide, katekista wetu, alitupa barua aliyotoka nayo Ulyankulu, yale makazi mengine ya Warundi, kule upande wa Tabora.

Barua imetoka kwa Eufrazia, mdogo wake Nyogokuru. Tangu mwaka sabini na mbili, walipokimbia mauaji ya Burundi kila mtu na njia yake, Nyogokuru humtaja Eufrazia kwenye sala ya marehemu. Naandika maneno ya barua kama nilivyomsomea (mlima, kwetu Warundi, ni kama kijiji):

"Nasikia Katumba yupo Marta wa kwetu. Nimeshaletewa Marta wawili, na wote hawakuwa dada yangu. Mmoja nilikaa naye siku tatu nikimpikia. Majina ya baba na mama waliyajua, maana watu wa mlima mmoja wanajuana. Miguu yangu imekufa, siinuki kitandani, siwezi kuja. Nitumie picha nikuone kwanza. Siwezi kulia mara ya tatu."

Nyogokuru alinirudishia nisome tena. Kisha akanyanyuka, akaenda kugeuza mihogo iliyokuwa haihitaji kugeuzwa.

Nikamwambia ana bahati, mjukuu wake ni mpiga picha, Jumapili ijayo naja na kamera.

"Oya," akasema. Hapana.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu nizaliwe sijawahi kuona picha yake hata moja, nikawa nadhani ni umaskini.

Jumapili, 30 Novemba

Nimemwomba tena. Oya.

Jumamosi, 6 Desemba

Manyanda amefuata picha yake. Kwa bahati mbaya nilichanganya bahasha, nikampa ile ya dimbwini. Aliitazama, akaipindua ili dume lisimame kwa miguu, akaipindua tena. Nikasubiri matusi.

"Hivi ndivyo dume anavyojiona mwenyewe akinywa," akasema. "Wabeja, binti." Hiyo ni asante ya Kisukuma. Akachukua zote mbili. Mzee Methusela akajikuna pua.

Jumapili, 7 Desemba

Oya. Nimemwambia ni mkaidi, na kwamba Eufrazia atakufa akingoja. Nilisema hivyohivyo. Akaniambia chakula kipo mezani.

Jumapili, 14 Desemba

Leo nimefanya jambo la aibu, na naliandika leo kwa sababu nikisubiri kesho nitaanza kujitetea.

Nilifika Katumba kimyakimya. Baiskeli niliiegemeza kwa jirani yake Generosa, nikazunguka nyuma ya jiko na kamera. Nyogokuru alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua maharage. Mwanga ulikuwa mzuri, wa baada ya mvua. Nilijiambia ni kwa faida yake. Nilijiambia pia kwamba hatajua, picha itakwenda Ulyankulu, dada yake atafurahi, na siku moja atanishukuru. Nikamweka katikati ya kamera, nikavuta pumzi.

Akainua kichwa. Sijui alisikia nini. Hakupiga kelele. Alivuta kitenge cha mabegani, akajifunika uso wote, akabaki hivyo, mikono juu ya maharage. Maharage yakawa yanalia kwenye ungo.

Nikairudisha kamera kwenye begi. Nikamwambia nimeirudisha. Hakujifunua. Akaanza kusema akiwa ndani ya kitenge.

"Babu yako alikuwa mwalimu. Hilo unalijua. Ofisini kwao kulikuwa na picha ya walimu tisa, wamesimama mstari mmoja. Siku ya kupigwa picha hiyo alivaa tai. Nilimfunga mimi ile tai, yeye hakujua kufunga. Mwaka ule askari walipofika mlimani kwetu walikuwa wageni, hawamjui mtu. Mtu angeweza kusema mimi ni mkulima, mimi ni fundi cherehani. Wakaing'oa picha ukutani. Wakapita nayo nyumba kwa nyumba. Anayefungua mlango wanamtazama, wanatazama picha. Walipofika kwetu hawakuuliza hata jina."

"Kwa hiyo mwana wanje, mwanangu, usiniambie picha ni kumbukumbu. Najua picha ni nini."

Nilimwomba radhi kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kisha kwa kulia. Akasema niondoke, mvua inakuja. Ilikuwa kweli inakuja. Ilinikuta njiani na sikuharakisha. Mimi nilimwita mkaidi. Miaka mitatu nafanya kazi ya kufunga watu tai mbele ya pazia la maghorofa, na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Nilimkuta kanisani, akanipa mkono kama anavyompa mkono mgeni. Generosa aliniletea sahani ya pilau, akasema ametumwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wa kwake nauogopa.

Jumanne, 6 Januari 1998

Redio inasema mvua hii ina jina la kigeni na imetoka bahari ya mbali. Reli imekatika, garimoshi haliji. Filamu za rangi tulizokuwa tunapeleka kusafishwa mbali zimelala kabatini. Mzee Methusela amefukua akiba yake ya mikanda ya rangi nyeupe na nyeusi, dawa na karatasi, amefungua tena chumba cha giza alichokuwa amekigeuza stoo ya vitunguu. Ananifundisha kusafisha picha mwenyewe. Nimegundua ana subira nyingi gizani kuliko kwenye mwanga. Picha zote zinanukia vitunguu.

Jumapili, 11 Januari

Nimekwenda bila kamera, nikaliacha begi wazi ili aone lina nini: khanga, mkate, daftari hili. Nyogokuru alikuwa kwenye jaruba lake anapandikiza mpunga, magoti mabovu na yote. Nikakunja sketi nikaingia majini. Tulipanda mstari mzima.

Anayepandikiza mpunga anainama mpaka uso unakaribia maji, kwa hiyo asubuhi yote unajitazama. Niliona Nyogokuru wa majini ananitazama kutoka chini ya miguu ya yule wa juu. Nikatamani kamera, nikajionea haya.

Wakati wa kupumzika alilichukua daftari afukuze nzi, picha ikaanguka. Akaiokota. Ilikuwa ya dimbwi la uani kwetu, imekunjamana kwa mawimbi.

"Nani huyu?"

"Unamjua."

Akaigeuza huku na huku. "Simjui."

"Ni mimi."

Aliitazama muda mrefu. Ameniogesha mwanamke huyu, amenisuka, na hakunijua. Niliumia kidogo, naandika ukweli.

"Kwa hiyo mtu akija na hii mlangoni," akasema polepole, "hawezi kukupata?"

"Hawezi."

Akairudisha ndani ya daftari. Tukaendelea kupanda.

Jumapili, 18 Januari

Leo ameanza yeye. Aliuliza kama kila picha ninayopiga inaandikwa kitabuni. Nikamwambia ndiyo, kwa namba, isipokuwa ya bure.

"Hiyo ya bure haina namba?"

"Haina."

"Haihesabiki popote?"

"Popote."

"Basi nipige hiyo. Majini. Hiyo hiyo tu."

Nilitaka kumkumbatia lakini alikuwa ameshika jembe.

Jumatatu, 19 Januari

Tatizo: ya thelathini na saba haiji kabla ya thelathini na sita, na mkanda ulioko kwenye kamera umefika ya tisa. Mvua inamwagika. Mpanda nzima imeamua kutopigwa picha.

Jumamosi, 24 Januari

Kumi na nne.

Jumatano, 28 Januari

Kumi na sita. Mmoja alikuwa mtoto aliyekojolea pazia.

Jumatatu, 2 Februari

Ishirini na tatu. Nilimwambia Mzee Methusela kila kitu, maana alianza kunishangaa nikiwaita wapita njia. Nilitegemea aseme habari ya kichaa cha bei nafuu. Akasema mkanda ni wangu, niumalize hata kwa kupiga ukuta. Nikakataa. Picha ya bibi yangu haitasimama nyuma ya kuta kumi na tatu. Basi akachana nywele, akavaa koti, akakaa mbele ya pazia: "Nipige mimi. Miaka ishirini nawapiga watu, sina picha yangu."

Nimempiga tano. Ana sura nzuri akisahau kununa.

Ijumaa, 6 Februari

Harusi Shanwe. Thelathini na sita.

Jumapili, 8 Februari

Nimempiga.

Jua lilitoka kidogo baada ya ibada. Alivaa kitenge chake cha kanisani na kilemba, akasimama kwenye tuta la jaruba ng'ambo ya pili, mimi nikasimama tuta la huku. Mpunga umeshika, majani yake yanatoboa maji kila mahali. Niliisimamisha kamera wima, juu miguu yake na tuta, chini yeye mzima majini. Nilimwambia asitazame kamera. Akasema hana mpango huo, anajitazama mwenyewe.

Nilikuwa na nafasi moja. Tone la mvua likaanguka katikati ya jaruba, duara likaanza kumwendea. Nikangoja limfike kifuani, nikafyatua, mkanda ukagoma kwenda zaidi.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha."

"Mbona haikuuma," akasema. Nilicheka peke yangu njia nzima.

Jumanne, 10 Februari

Niliingia chumba cha giza, Mzee Methusela akasimama nje ya mlango asipite mtu. Ya thelathini na saba imekatika, kama kawaida yake. Upande uliokatika ni ule wa juu. Miguu yake haipo, tuta halipo, Marta mwenyewe wa nchi kavu hayumo kabisa. Yamebaki maji. Ndani ya maji kuna mtu kichwa chini, amechanwa na majani ya mpunga, duara la tone limempita kifuani, kilemba kimeyeyuka, na pale uso ulipo kuna mwanga unaotikisika.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hiki, na sijui kama kina faida yoyote. Mzee aliitoa karatasi moja nzuri aliyokuwa ameificha tangu zamani, akanipa.

Jumapili, 15 Februari

Nyogokuru ana masharti. Kabla picha haijaondoka, ionyeshwe watu wanaomjua. Akitokea mmoja akamtaja jina, inaingia motoni.

Mzee Methusela hakuhesabika, anajua siri. Nilianza na Generosa, anayechota maji naye kila siku kwa miaka kumi. Akaipindua kwanza, kila mtu anaipindua kwanza. "Ni mti umevaa nguo?" Egide katekista akaipindua, akakunja uso: "Ni mtakatifu gani huyu?" Nilimwonyesha hata kaka wa Generosa, anayemlimia Nyogokuru. Akasema ni moshi.

Nyogokuru alifurahi nusura acheze. Akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Basi niko salama. Mpelekee Eufrazia."

Mimi furaha iliniishia palepale. Kama waliokula naye jana hawakumjua, atamjuaje aliyemwona mara ya mwisho miaka ishirini na mitano iliyopita? Nimemtengenezea bibi yangu picha ya mtu yeyote. Eufrazia alisema hawezi kulia mara ya tatu, na mimi nimemtumia kidimbwi.

Sikumwambia Nyogokuru. Niliiweka picha kwenye bahasha, nyuma nikaandika jina la Marta kwa penseli, kisha nikalifuta kwa sababu niliahidi.

Ijumaa, 20 Februari

Egide ameondoka na bahasha, kibali cha kutoka makazini mfukoni. Reli bado. Ataunga malori, na pasipo na lori ataunga miguu.

Jumapili, 8 Machi

Hakuna habari. Mvua.

Jumapili, 22 Machi

Nyogokuru ameuliza mara mbili, kwa ujanja, akijifanya anauliza habari ya barabara. Jaruba limejaa, mpunga umefunika maji, huwezi tena kujiona ndani yake.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Egide hajarudi. Kwenye sala ya marehemu, Nyogokuru hakulitaja jina la Eufrazia. Ameliacha kwa hiari yake, na hilo ndilo linalonitisha. Alikuwa amemzika vizuri, mimi na kamera yangu tumemfukua.

Alhamisi, 23 Aprili

Paa la studio limetengenezwa. Mvua nazo zinapungua, kwa hiyo Mzee amewahi.

Jumapili, 10 Mei

Egide amerudi, amekonda, ndala moja yake moja ya mtu mwingine. Alikuja moja kwa moja kwa Nyogokuru kabla ya kwenda kwa mkewe, nikajua ni habari, sikujua ya upande gani. Nyogokuru alikuwa anaanika mpunga. Hakuacha kuutandaza. "Isome tu," akaniambia. Barua imeandikwa kwa mkono wa mjukuu wa Eufrazia.

"Dada. Picha yako ilipofika kila mtu hapa aliipindua, wakasema hakuna mtu humu, ni maji tu, umechezewa. Nikawaambia nipeni, na msiipindue. Wewe unakumbuka kisima chetu. Mama alitukataza kusimama upande mmoja kwa sababu tukisimama pamoja tulicheza na maji yakachafuka. Wewe ulichota ng'ambo ile, mimi ng'ambo hii. Kila asubuhi nilikuona hivyo, kichwa chini, unatikisika, kwa sababu kibuyu chako kilikuwa kimetangulia kuyagusa maji. Wale Marta wawili walikuja wamesimama kwa miguu. Wewe umekuja kama ninavyokujua. Nimelia, na safari hii sijutii."

Niliacha kusoma hapo kwa sababu sikuona tena maandishi. Egide alikuwa anatazama kuku. Nyogokuru alikuwa amekaa chini kwenye mpunga wenyewe, amejaza viganja viwili na anaumwaga, anajaza tena.

"Maliza," akasema.

"Mpiga picha wa huku alikasirika, akadhani namdhihaki. Lakini tumembana mpaka akakubali. Nami niko ng'ambo yangu."

Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya rangi ya beseni la bluu lenye maji, limewekwa juu ya kitanda. Ndani ya maji kuna mwanamke mzee kichwa chini, uso umechanika vipande, anacheka au analia, haiwezekani kujua. Kwa yeyote mwingine ni beseni.

"Eufrazia," akasema Nyogokuru mara moja. Hakuipindua.

Akaniomba ile yake. Nakala nilikuwa nayo humu daftarini. Akasafisha mpunga mahali padogo kwenye mkeka, akaziweka picha mbili zikigusana kingo, moja imeelekea huku, nyingine imeelekea kule, maji yakakutana katikati. Yeye akakaa upande mmoja. Upande wa pili akauacha wazi, akaniambia nisikae hapo.

Tulikaa hivyo mpaka jua likageuka. Kisha akauliza kama maji ya kunywa yapo ndani. Hayakuwapo. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota.